Kabla hujalipa kodi ya nyumba Dar, panda gari la huko Jumatatu asubuhi

Dalali aliniambia dakika tano. Ilikuwa Jumapili mchana, mwaka 2019, tumetoka Kimara Mwisho na bodaboda mbili, yeye mbele mimi nyuma, njia ya kwenda Bonyokwa nyeupe haina foleni wala tope, na kweli nilivyoangalia saa nikaona tumefika upesi. Nyumba nikaipenda, chumba na sebule, choo ndani, mwembe nje, laki moja kwa mwezi ila mwenye nyumba anataka ya miezi sita mkupuo. Nikalipa. Jumatatu yake nikatoka ndani saa 11:30 alfajiri, usiku mvua ilinyesha, kile kipande cha udongo kimekuwa utelezi mtupu, boda niliyempata kaniambia "dada leo njia mbaya, elfu mbili", nikafika Kimara viatu vyekundu mpaka kwenye kisigino, foleni ya tiketi imetoka nje ya kituo, na kazini Posta, katikati ya mji, nikaingia saa 2:20.

Naandika haya kwa sababu mtoto wa mama yangu mdogo anakuja Dar mwezi ujao, kapata kazi mjini, na ameniuliza maswali mawili kwenye simu: dada nikae wapi, na je nikope ninunue hata pikipiki maana naambiwa Dar bila usafiri wako utateseka. Nimejibu kwa kifupi lakini nimeona swali lake ni kubwa kuliko meseji, na wapo wengi wanaoliuliza hivyo hivyo, wanaanza na usafiri halafu nyumba, au nyumba halafu usafiri, kumbe ni kitu kimoja. Mimi niko hapa tangu 2012, sijawahi kumiliki gari, nimekaa Gongo la Mboto, Bonyokwa na sasa Magomeni, na kila nilipohama nilikuwa nahamia usafiri zaidi ya kuhamia nyumba, ila kulielewa hilo kulinichukua muda.

Ngoja niweke hesabu ya Bonyokwa maana ndiyo iliyonifungua macho. Nilikuwa naenda kazini siku 26 kwa mwezi. Mwendokasi, yale mabasi yenye njia yake ya peke yake, Kimara mpaka Kivukoni wakati ule ilikuwa 650, kwenda na kurudi 1,300, kwa mwezi 33,800. Boda kutoka nyumbani mpaka Kimara siku ya kawaida 1,500, kwenda na kurudi 3,000, kwa mwezi 78,000. Umeona hapo? Kile kipande kidogo ambacho dalali alikiita dakika tano kilikuwa kinakula zaidi ya mara mbili ya hela niliyolipa kuvuka Ubungo, Manzese, Magomeni na Kariakoo mpaka baharini. Jumla 111,800, na kodi ya nyumba ni 100,000. Yaani nauli ilikuwa inazidi kodi, na mimi miaka miwili nzima nilikuwa nawaambia watu nimepata nyumba ya bei nafuu.

Siku nilipoandika hizo namba kwenye daftari nilikaa kimya kitandani muda mrefu. Halafu nikaanza kuuliza vyumba Magomeni. Chumba kimoja masta, kidogo, dirisha linaangalia ukuta wa jirani, 180,000. Kila mtu akaniambia umechanganyikiwa, unaacha chumba na sebule ya laki unaenda kubanana kwa laki na themanini. Lakini Magomeni natembea kwa miguu mpaka Mapipa kituoni, boda sifuri, nauli wakati ule ilibaki ile ile 33,800 kwa mwezi. Jumlisha mwenyewe: Bonyokwa kodi na nauli 211,800, Magomeni 213,800. Tofauti elfu mbili kwa mwezi. Kwa elfu mbili nimenunua zaidi ya masaa mawili kila siku, na sijawahi kununua kitu kwa bei rahisi kama hiyo tangu nizaliwe.

Nirudi nyuma kidogo. Nilipofika kutoka Muheza mwaka 2012 nilikaa kwa anko Gongo la Mboto, na anko ndiye alinifundisha daladala. Yeye alikuwepo mjini tangu enzi za UDA, shirika la mabasi ya mjini lililoanzishwa 1974, anakumbuka yale mabasi ya Ikarus marefu yenye kiungo katikati, anakumbuka zile gari za chai maharage ambazo abiria mlikuwa mnakaa mnatazamana kama mko kwenye mgahawa, anakumbuka 1983 serikali iliporuhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria na nauli ikawa shilingi tano, ile sarafu watu walikuwa wanaiita dala, jina likakwama mpaka leo. Anko alikuwa na kanuni moja, aliirudia kila jioni: kaa gari linapoanzia. Gongo la Mboto wakati ule ndipo gari linageuza, kwahiyo asubuhi ukiwahi unapata siti, unalala mpaka Buguruni, wakati yule wa Ukonga au Banana gari linamkuta limeshajaa na konda hata hasimami. Mtu anaweza kuwa karibu na mjini kuliko wewe na akachelewa kazini kukuzidi, kwa sababu hiyo tu.

Jioni sasa ndio mambo yanageuka. Kariakoo saa 11 watu hawasubiri gari lifike kituoni, wanalifuata linakotokea, wanapanda likiwa bado linashusha, wanalipa nauli mbili ili wageuze nalo wakiwa wamekaa. Nimefanya hivyo miaka. Unakuta mama ana ndoo ya samaki, kijana ana begi la kompyuta, wote wamelipa nauli ya kwenda wasikotaka kwenda ili warudi wamekaa. Anayeangalia hesabu ya mbali anaona ni hela imepotea, ila ukishasimama saa moja na nusu mguu mmoja ukiwa umekanyagwa na shingo imepinda kwenye dari ya kipanya, zile daladala ndogo, unaelewa kwamba ile nauli ya pili umenunua mgongo wako.

Kuna kitu cha Gongo la Mboto ambacho mpaka leo kinaniuma. Denti mmoja, binti wa darasa la tano au la sita hivi, tulikuwa tunakutana kituoni kila alfajiri, sweta la kijani limechanika kiwiko, anashika shilingi zake kwenye ngumi. Gari linakuja, konda anapaza sauti "wanafunzi wawili tu", na wako kumi na tano. Wanafunzi wanalipa nauli ndogo, ndiyo sababu, kila mwanafunzi aliyepanda konda anaona nafasi ya mtu mzima imeenda. Siku moja nikamshika mkono nikamwambia konda huyu ni mdogo wangu namlipia nauli kamili, akapanda. Ndani akafungua ngumi akanionyesha hela yake, anataka kunipa, na ile sarafu ilikuwa imeacha alama ya duara kwenye kiganja. Nikamwambia kanunue andazi. Ila kesho yake je? Na wale kumi na wanne waliobaki? Nikisikia watu wanajadili usafiri wa Dar wanaongelea barabara za juu tu, Tazara, Ubungo, mimi nauliza mtoto huyu anafikaje shuleni, maana hana simu ya kuitia gari na hana pa kuhamia.

Mwaka ule ule wa 2012, Oktoba, ilianza treni ya mjini, ya reli ya kati mpaka Ubungo na ya TAZARA mpaka Mwakanga, watu wakaiita treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo. Anko aliipenda sana. Treni haijui foleni, ila ina saa zake, ukiikosa umeikosa, na ukishuka inabidi uwe na mguu wa kumalizia. Kwa mtu mwenye kazi ya saa zisizobadilika inafaa sana. Kwangu haikufaa.

Halafu Mei 2016 mwendokasi. Ambaye hakuwepo Dar kabla ya hapo hawezi kujua ile foleni ya Morogoro Road ilikuwaje, kutoka Kimara mpaka Posta unaweza kumaliza masaa mawili na nusu, ukashuka ukatembea ukaliacha gari nyuma. Wakajenga kilomita 21 za njia ya peke yake katikati ya barabara, Kimara mpaka Kivukoni, na matawi ya Morocco na Gerezani, na Dar ikapata ile tuzo ya usafiri endelevu ya mwaka 2018, jiji la kwanza Afrika. Msongamano upo, kila anayepanda asubuhi anaujua, mabasi hayatoshi watu. Hata hivyo nasema wazi kwamba ile njia imebadilisha maisha ya watu wa upande huu wa mji na nataka kila upande upate ya kwake.

Sababu yangu kubwa siyo hata muda. Ni mama. Mama ana magoti, miaka yake imeenda, na kila akija kliniki Muhimbili ilikuwa ni shughuli. Safari moja tulipanda daladala, ile ngazi ya kwanza iko juu, kashika mlango kwa mikono miwili, goti halikubali, konda nyuma anamwambia "mama fanya haraka tunachelewesha watu", na mimi namsukuma mamangu mzazi kiunoni mbele za watu kama mzigo. Hakuongea mpaka tunashuka. Safari iliyofuata nikampeleka kwenye mwendokasi. Pale sakafu ya kituo na sakafu ya basi ziko sawa, unavuka tu kama unatoka sebuleni kwenda chumbani, na kuingia kituoni kuna njia ya mteremko haina ngazi. Nakumbuka alivyosimama mlangoni akaangalia chini, akatafuta ngazi, hakuiona, akaniangalia, akaingia. Kijana kamwachia siti. Tukashuka Faya tukachukua bajaji mpaka getini Muhimbili, mlango wa bajaji nao uko chini, anakaa kwanza ndipo anaingiza miguu. Tangu hapo akipiga simu kusema anakuja ananiuliza, "mwanangu, tutapanda lile la kuvuka?"

Kwahiyo mtu akiniuliza usafiri gani bora Dar namuuliza kwanza unamsafirisha nani. Mimi mwenyewe nikiwa mzima nina chaguo zangu, mama ana zake, mwenye mtoto mgongoni ana zake, na mwenye gunia la vitunguu ana zake.

Boda nizungumzie kwa utaratibu maana najua vijana wengi ndiyo mkate wao na mimi siwachukii. Nina alama kwenye ndama ya mguu wa kulia, ukubwa wa yai, ya kuungua na eksozi. Nilikuwa nimevaa sketi, nimeshuka kwa haraka upande ule ule wa bomba, nikasikia kama mtu kanipiga kofi, nilipoangalia ngozi imebaki. Wadada mkikaa saluni mkaangaliana miguu mtaona wangapi wanayo. Hiyo ndiyo ndogo. Kubwa ilikuwa siku tuliyoanguka karibu na Shekilango, dereva kapita katikati ya lori na kosta, kioo kikatugusa, tukalala chini. Mimi nilichubuka kiwiko na nyonga, yeye alivunjika mkono. Kofia nilikuwa nayo kichwani ila sikuifunga kamba, ikaruka mbali, na ninapoikumbuka ile kofia inaviringika peke yake kwenye lami mwili unasisimka mpaka leo.

Toka siku ile nimejiwekea yangu. Boda napanda mtaani tu, kwenye njia za ndani, kwa kijana wa kijiweni ninayemjua na anayejua kwetu. Barabara kubwa sipandi boda hata nimechelewa vipi, bora niingie saa 3 niombe radhi. Kofia nafunga kamba, nikiambiwa "dada ni hapo tu" nafunga. Nashukia kushoto. Na kijana akianza kukimbia namwambia "anko punguza", sioni aibu.

Huyu mdogo wangu anayetaka kukopa anunue pikipiki nimemwambia asikope. Siyo kwa sababu pikipiki ni mbaya, ila hajui bado kazi itadumu wapi, hajui atakaa wapi, anataka kuweka deni juu ya kitu ambacho hajakielewa. Gari ni hivyo hivyo. Ofisini wenzangu wawili wana IST, mmoja anaitumia Ijumaa na Jumapili tu, siku nyingine tuko wote kituoni, kwa sababu mafuta, na sehemu ya kuegesha mjini, na foleni ni ile ile, IST haina njia yake. Kwa mwenye familia ya watoto watatu na mkwe mgonjwa naelewa kabisa. Kwa mtu mmoja anayekwenda Posta na kurudi, hapana.

Usiku ni habari nyingine. Kuanzia saa 3 usiku bei siiangalii tena, naita gari kwa simu, namba ya gari namtumia dada yangu, nakaa nyuma, na nikifika nampigia. Hiyo hela naiweka kabisa kwenye bajeti ya mwezi, elfu thelathini, naiita hela ya usiku, isipotumika inaingia mwezi unaofuata. Wanaume wengi hawana hiyo hesabu kwenye vichwa vyao. Na kuna lile jingine dada zangu mnalijua, la kubanwa kwenye gari lililojaa na mtu ambaye mikono yake haijatulia. Mimi nimebadilisha muda wangu wa kutoka kwa sababu hiyo tu, natoka saa 12 kasoro kabla gari hazijashona, nafika kazini mapema nakunywa chai kwa mama ntilie pale nyuma. Lakini naliona ni jambo baya kwamba mimi ndiye niamke mapema kwa ajili ya tabia ya mtu mwingine, na nikimwona anayefanyiwa napaza sauti, na nimeona tukipaza sauti wawili watatu gari zima linageuka upande wetu.

Magomeni nayo siyo pepo. Mvua za masika zikikolea Mto Msimbazi unajaa, Jangwani inafungwa, na pale ndipo mlango wa mjini. Karakana ya mabasi ilijengwa bondeni pale pale na zaidi ya mara moja maji yamefika kwenye mabasi yenyewe. Siku hizo mwendokasi inakatika, tunazungukia Salenda kwa daladala, kila mtu wa upande huu anaenda huko huko, na ile safari yangu fupi inageuka ndefu kama ya Bonyokwa. Sasa hivi daraja jipya la Jangwani linajengwa, nalisubiri kama mtu anavyosubiri ndugu kutoka safari.

Siku za kiangazi lakini narudi kwa miguu. Hili nalipenda kuliko yote na nimelianza mwaka jana tu. Kutoka Posta napita Mnazi Mmoja, naingia Kariakoo, nanunua mchicha na ndimu mtaani, natoka Msimbazi, Faya, navuka Jangwani jua linazama upande wa kushoto, vijana wanacheza mpira kule chini kwenye majani, Magomeni. Kama saa nzima, nikisimama simama kuongea inazidi. Nalipia jasho tu. Shida ni kwamba mahali pengi njia ya miguu ama hakuna ama imeegeshwa gari, unashuka barabarani na bajaji inakupigia honi kama vile wewe ndiye umekosea. Kando ya njia ya mwendokasi waliweka njia nzuri za miguu na baiskeli, mpaka unashangaa kwa nini barabara nyingine zinajengwa kama vile watu wa Dar hawana miguu, wakati hata anayepanda daladala anaanza na kumaliza kwa miguu.

Basi mdogo wangu keshapata dalali. Kamtumia picha za nyumba, chumba na sebule, tailizi, Goba ndani ndani, laki na ishirini, "dakika tano tu kutoka lami". Nimempigia dalali mwenyewe jana nikamwambia tunakuja kuiona. Akasema karibuni Jumapili mchana, kunakuwa kumetulia. Nikamwambia hapana kaka, tunakuja Jumatatu, tutalala kwa rafiki yangu huko huko, saa 11:30 alfajiri tutasimama mlangoni kwenye hiyo nyumba tutoke kwa miguu mpaka lami, tupande gari mpaka Posta, na hela ya kodi ninayo mfukoni. Akanyamaza kidogo. Akasema, "Dada, basi kuna nyingine ipo Sinza, ndogo ila iko karibu na kituo, ningewaonyesha hiyo kwanza."